Salamu Zilizobaki Sikioni

Shauri la Benchi Namba Tatu: Kutoitikia Salamu Bila Sababu ya Msingi. Ndivyo Katibu alivyoliandika nyuma ya bahasha. Kazi ya utarishi ofisini alishaiacha kwa kustaafu, ila mihuri haikustaafu kichwani mwake. Mshtakiwa alikuwa Mpira, fundi makochi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa dole gumba lake hukunjika likalala mkononi kama halina mfupa. Adhabu iliyopendekezwa ni kunyimwa nafasi kijiweni. Mvuke wa kahawa ulipanda taratibu, na sauti za wenzake zilimfikia Mpira kama zinatoka chini ya maji.

Alijitetea bila haraka. Daktari kamwambia nyuzi zinazoushikilia mwili wake ni laini tangu tumboni mwa mama. Ndizo zilizolegeza viungo, na sasa ngoma ya sikio la kushoto nayo imelegea, imebonyea ndani kama kitambaa cha kochi kuukuu.

— Ngoma ikilegea huanikwa, alisema Kinyozi. Lala ubavu, sikio liangalie jua.

Katibu alipinga: sikio halipiti kichwa, kwa hiyo sheria inataka kichwa kikazwe kwanza, kwa kitambaa. Kinyozi naye hakukubali kupitwa. Pale ngoma ilipobonyea, alisema, pamekuwa bonde, na kila salamu aliyoikosa imetuama humo kama maji ya mvua. Akiinama vizuri zitamwagika zote, za mwaka mzima.

Mpira alijikuta ameinamisha kichwa kidogo.

Mama mmoja aliyeleta stuli iwambwe upya alikuwa amesimama kando, anasubiri shauri liishe.

— Huo ulaini umeurithi kwa nani, baba?

— Kwa mama yangu. Vidole vyake vilikuwa hivihivi.

— Na yeye alikuwa anasikia?

Katibu aliikunja bahasha mara nne. Kinyozi alichungulia kikombe chake, kikiwa tupu. Mpira ndiye aliyepaswa kujua, naye hakujua.

Miaka tisa nyuma, baada ya ugomvi mdogo, alisimama mlangoni, nyuma ya bega la kushoto la mama yake, akasema, “Mama, naondoka.” Mama aliendelea kushona kifungo. Mpira akaona amenuniwa, akaondoka, na hakurudi mpaka kwenye msiba wa mama.