Majina Nyuma ya Picha za Bi Burmakan

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, na aliye zizini asogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bi Burmakan wa Kochkor. Mkamuaji wa ng'ombe kwa miaka thelathini na moja. Mama wa watoto wanne. Na mpiga picha ambaye hakuwahi kujiita mpiga picha.

Bi Burmakan alifariki mwezi wa tatu, akiwa na miaka sabini na saba. Wiki iliyopita familia ilisoma arobaini yake, nami nilikuwapo. Ninayowaambia leo mengine nimesimuliwa na mengine nimeyaona mwenyewe.

Tuanze na kamera. Mwaka 1971 shamba la ushirika lilimpa zawadi kwa kukamua maziwa mengi kuliko wote. Wenzake walipewa mablanketi. Yeye alipewa kamera ndogo nyeusi, nadhani kwa sababu mablanketi yalikuwa yamekwisha. Mumewe, marehemu Kadyr, alicheka sana.

"Utamkamua nani kwa hiyo?" akamuuliza.

"Wewe, Baba Nurzat. Kaa hapo."

Picha ya kwanza ni hiyo: Kadyr anacheka, na nusu ya kichwa chake imekatwa.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Burmakan hakupiga picha za sherehe. Kwa sherehe aliitwa mtu wa mjini mwenye suti. Yeye alipiga picha za siku za kawaida. Mama mkwe wake akichambua mchele. Watoto wakioshwa nywele kwenye beseni moja, wamepangwa kwa ukubwa. Kadyr akishona kiatu, uzi uko mdomoni. Ng'ombe aliyeingiza kichwa dirishani. Siku za kawaida tu, miaka na miaka.

Alisafisha picha zake mchana, kwenye shimo la viazi chini ya nyumba. Alihitaji taa nyekundu, naye hakuwa nayo. Akachukua kitambaa chekundu cha shingoni cha binti yake Nurzat, cha sare ya shule, akakifunga kwenye balbu.

"Nilikaripiwa na mwalimu mara ngapi sijui," Nurzat aliniambia. "Kila Jumatatu shingo tupu. Nikimwambia mama, anajibu, 'Mwambie mwalimu shingo yako iko kazini.'"

Mama mkwe alisimama juu ya shimo akapaza sauti: "Mkwe wangu, unapika nini humo kinachonuka hivi?"

"Napika nyuso, mama!"

"Basi usizichome!"

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Mnajua desturi yetu. Mke aliyeolewa katika ukoo hataji majina ya watu wa mumewe. Si baba mkwe, si shemeji mkubwa, si shemeji mdogo. Anawabunia majina mengine. Bi Burmakan aliishika desturi hiyo mpaka kwenye kalamu. Nyuma ya kila picha aliandika mwaka na jina, lakini jina la kubuni. Binamu mmoja wa mumewe anaitwa "Mrefu wa Mlangoni". Baba mkwe anaitwa "Mwenye Nyumba". Watoto walipomwambia kuandika si kutamka, alijibu, "Mkono wangu nao una adabu."

Mume wake alikuwa na kaka wawili. Mkubwa ni Beishen. Wa pili ni Jumadil. Mimi naweza kuwataja, kwa kuwa sijaolewa katika ukoo ule. Jumadil alikuwa dereva wa lori. Mwaka 1974 lori lake lilianguka kwenye theluji huko mlima Dolon, akafariki. Aliacha binti wa miezi mitatu, Anarkul. Mama yake Anarkul aliolewa tena mbali, na mtoto akabaki kwa bibi, mama yake Jumadil. Bi Burmakan ndiye aliyemlea.

Katika nyumba ile Jumadil hakutajwa. Ukimtaja, bibi anasukuma sahani na hali siku mbili. Kwa hiyo Anarkul alikua bila kuonyeshwa sura ya baba yake. Hakuuliza. Lakini alipokuwa na miaka tisa alifungua sanduku la mama yake mdogo, akaona picha ya kijana mwembamba mwenye pengo kwenye meno ya mbele. Anarkul naye ana pengo. Akaamua: huyu ndiye. Akaiiba picha.

Aliitunza miaka arobaini na miwili. Kwenye daftari la shule, kisha kwenye kitambulisho, kisha kwenye mkoba wa ualimu. Kila asubuhi aliiamkia. Hakuthubutu kumwuliza mtu, maana angelazimika kusema aliipata wapi.

Mwaka huu Anarkul ameamua kumwekea baba yake jiwe jipya, lenye sura iliyochongwa, kama makaburi mengine. Kibao cha chuma kilichoko kaburini kimekwisha kwa kutu. Fundi wa mawe alikuwa anasubiri picha. Siku ya arobaini, chai ilipokwisha kunywewa, Anarkul aliitoa mbele ya familia.

"Niliiba kwa mama mdogo," alisema. "Nilitaka kumwomba radhi akiwa hai. Nimechelewa."

Nurzat aliipokea na kuigeuza. Nyuma, kwa mwandiko wa mama yake: "Mpiga Miluzi, 1972."

Nurzat akaenda kuleta sanduku. Akatoa picha ya pili, "Mpiga Miluzi, 1985." Ya tatu, "Mpiga Miluzi, 1996." Mwanamume mnene, ndevu kifuani, kavaa kofia ya sufi. Kila mtu pale alimjua. Alikuwa baba mkubwa Beishen, aliyefariki 2003.

Anarkul alikaa chini. "Kumbe miaka yote namwamkia baba mkubwa," akasema. Watu walicheka, naye alicheka. Kisha akafunika uso kwa mikono, na kicheko kikaisha.

Wasikilizaji wapendwa, fikirini. Sandukuni mna picha zaidi ya mia nne. Mna wanaume vijana tele: mashemeji, majirani, binamu, na wote wana majina ya kubuni. Kadyr amefariki. Bibi amefariki. Bi Burmakan ndiye huyo tumemzika. Nani atasema yupi ni Jumadil?

Kwenye kona ya chumba alikuwa amekaa Bi Uulkan, mjane wa Beishen, miaka themanini na minne. Macho yake yamefifia. Anaona mwanga, haoni sura.

"Mnanyamazia nini?" akauliza. "Nisomeeni ya nyuma. Hayo majina tuliyabuni mimi na yeye, tukikamua. Mpiga Miluzi ni mume wangu. Alipiga miluzi mpaka imamu akamtoa msikitini."

Nurzat akaanza kusoma, moja baada ya nyingine.

"Mla Mifupa."

"Jirani. Alikuwa mchoyo. Endelea."

"Mrefu wa Mlangoni."

"Binamu. Alivunja taa yetu kwa kichwa. Endelea."

"Anayelala na Viatu."

Bi Uulkan aliacha kuhesabu tasbihi.

"Rudia."

"Anayelala na Viatu, mama mkubwa. Ziko kumi na moja."

"Anarkul, njoo hapa mwanangu." Alimpapasa mpaka akampata mkono. "Walikuwa wanamwita kazini saa yoyote. Akija anajilaza hapo sakafuni na viatu vyake, mama mkwe anagomba, yeye anakoroma. Huyo ndiye baba yako."

"Mtaje basi, mama mkubwa. Niwe na hakika."

"Siwezi."

"Wote wamekufa! Nani atakukasirikia?"

"Sijawahi, mwanangu. Miaka sitini na mbili. Usinilazimishe leo." Kisha akasema polepole, "Baba yako. Hilo halitoshi?"

Nilimwona Anarkul akitikisa kichwa kwamba linatosha.

Picha kumi zilikuwa na ukungu, maana Jumadil hakutulia. Moja tu ni safi. Amekaa sakafuni, shavu moja limevimba kwa mkate, anamcheka anayempiga picha. Mapajani ana mtoto mchanga, na mkono mdogo umeshika sikio lake.

Kesho yake tuliipeleka kwa fundi wa mawe. Fundi aliitazama, akakuna shingo.

"Mwalimu, kaburini watu hawatafuni. Nitalisawazisha hili shavu, nitamfunga mdomo. Na mkono huu nitaufuta."

"Shavu liache," Anarkul alisema.

"Wazee watasema."

"Waseme. Sina sura nyingine ya baba yangu. Ninayo hii, aliyoiona mama mdogo."

"Haya. Na mkono?"

"Mkono usiuguse. Ni wangu."

Jiwe litasimamishwa Jumamosi hii, baada ya sala ya adhuhuri.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Burmakan hakuandika barua wala wasia. Alipiga picha ya shemeji yake anakula mkate siku isiyo na jambo lolote, akaiweka sandukuni. Hakujua kwamba itabaki peke yake.

Kwa Nurzat na ndugu zake watatu, kwa Anarkul, kwa Bi Uulkan, na kwa ukoo mzima: poleni sana. Mwenyezi Mungu amlaze mama yenu mahali pema. Sisi wa kituo hiki tunalia pamoja nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, nina ombi moja. Leo hii teremsha picha za nyumbani kwenu. Kaa na mzee wako, umuulize kila mmoja ni nani. Uliza hata yule unayedhani unamjua. Akikataa kulitaja jina, usimkasirikie. Mpe chai, kaa karibu naye, na umwache akueleze kwa njia yake.