Chakula cha Jioni cha Dakika Ishirini

Pale ambapo barabara ya kiwanda cha samaki inakutana na uchochoro wa soko, mjini Long Xuyên, Mama Út ameweka benchi moja la mbao, viti vinne vya plastiki vifupi mpaka magoti ya mtu yanakaribia masikio, na turubai la buluu linalovuja upande mmoja, upande wanaoachiwa wageni. Kahawa yake haina haraka. Inadondoka tone kwa tone kutoka kichujio cha bati hadi kwenye glasi yenye maziwa mazito, na muda wa kudondoka kwake ndio muda wa mjadala. Hapo huketi Redio, karani mstaafu wa kivuko, aliyepata jina lake kwa sababu hazimiki na kila alijualo alilisikia mahali. Hapo huketi Kufuli, fundi wa makufuli, ambaye hajawahi kuoa na kwa hiyo ana majibu yote ya ndoa. Na hatua tatu tu kutoka benchi, chini ya turubai hilohilo, Thoại huziba matairi ya pikipiki, sikio moja likiwa kwenye pancha na la pili kijiweni.

Jioni ile Thoại aliweka pampu chini, akanawa mikono, akaja kukaa. Tangu mkewe afariki hakuwa amekaa kwenye benchi lile. Redio akasogea bila kuambiwa. Mama Út akaweka glasi mbele yake bila kuulizwa.

— Kesho ni siku ya mia, Thoại akasema.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwa siku mia marehemu bado ni mtu wa nyumbani. Kila jioni hutengewa bakuli la wali na vijiti vyake vya kulia kwenye madhabahu, chini ya picha, kisha huwashwa kijiti cha udi, na walio hai hawagusi chakula mpaka udi uishe. Siku ya mia kilio hufungwa na bakuli la kila siku hukoma.

— Kesho watakuja shemeji zangu na masufuria yao, watakuja watawa na kengele zao, Thoại akaendelea. Kesho ni ya ukoo. Leo ndiyo jioni yangu ya mwisho kumpikia Diệu. Na sijampikia hata siku moja.

Kufuli akamuuliza basi siku zote hizo alikuwa akitenga nini. Thoại akajibu huku akitazama kucha zake nyeusi kwa raba: tambi za paketi, tofu ya kukaanga ya sokoni, mayai, halafu tena tambi za paketi. Kazi yake huchangamka jioni, wanawake wa kiwandani wanapotoka zamu. Anafunga saa kumi na moja na nusu. Binti yake, Ngà, wa miaka kumi na minne, anatakiwa darasa la ziada saa moja kamili. Ukitoa muda wa udi kuungua, ukitoa wa kula, zinabaki dakika ishirini. Na wiki iliyopita muuguzi wa zahanati alimpima Thoại presha, akatikisa kichwa, akamwambia aachane na chumvi ya paketi. Presha ndiyo iliyomwangusha Diệu kwenye karo asubuhi aliyofariki. Sketi ya Ngà, kwa alivyokonda, siku hizi inashikiliwa na pini.

— Yeye alikuwa anatoka kiwandani saa kumi na moja, baada ya kutwa nzima kuchuna kambare, akasema Thoại. Anavua mabuti, anaingia jikoni. Dakika ishirini, chakula kiko mkekani. Kitu cha chumvi, kitu cha kijani, na supu. Kila siku vitatu. Nilikuwa nasikia kisu, nasikia harufu ya kitunguu saumu, naitwa kula. Nifundisheni. Kitu cha haraka, kisicho na kazi nyingi, chenye afya.

Kisha, kwa kuwa kijiwe hakiwezi kustahimili huzuni kwa muda mrefu, Kufuli akakohoa.

— Mlango mmoja, ufunguo mmoja. Sufuria ya umeme ya wali. Mchele chini, sahani ya samaki juu yake, tangawizi juu ya samaki. Bonyeza. Mvuke uleule unaopika wali unampika samaki. Mimi naishi hivyo mwaka wa kumi na moja.

— Na ndiyo maana huna mke, akasema Mama Út.

— Sufuria yangu haijawahi kulalamika, mama.

Redio alikuwa akingoja zamu yake kama mtu anayengoja kivuko. Akasema Kufuli amesahau jambo la msingi, kwamba wahenga walishasema samaki mkunje angali mbichi, maana yake samaki aliyekunjwa huiva upesi, mvuke humshika pande zote. Kufuli akamwambia methali hiyo inahusu watoto. Redio akajibu kwamba watoto hawapikwi. Akaongeza kuwa chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba, kwa hiyo Thoại asioshe sufuria tena. Baada ya wiki moja wali utatoka na ladha ya samaki bila samaki, na hapo atakuwa ameokoa dakika nane.

Thoại alicheka kidogo, kicheko kilichoishia puani. Kilimfanya ajisikie vibaya. Akatazama kahawa ikidondoka.

Nadharia zikapanda. Redio alikuwa amesikia habari za watu wa milimani wanaofikisha miaka mia moja kwa kula majani mabichi na kutafuna kila tonge mara arobaini. Dawa basi ni kuacha kupika kabisa. Alipoulizwa mtu atatafunaje mchele mbichi, akabadili stesheni: tatizo, alisema, si chakula, ni jioni. Jioni ina shughuli nyingi. Chakula cha jioni kihamishiwe alfajiri. Marehemu hana saa ya ukutani.

— Na udi ndio mwizi wako mkubwa, akasema Kufuli. Uvunje nusu. Dakika arobaini zinakuwa ishirini. Au uupepee.

— Umpepee marehemu udi, ili afanye haraka kula?

Ilikuwa sauti ya Mama Út, na haikuwa na mzaha ndani yake. Kufuli akainamisha kichwa. Mama Út akafuta mikono kwenye aproni, akamgeukia Thoại.

— Nani alikwambia ni dakika ishirini?

— Mimi mwenyewe, mama. Nilikuwa naangalia saa.

— Uliangalia saa, hukumwangalia yeye. Saa kumi alfajiri alikuwa anapita hapa nikiwasha moto, ameshaloweka maharage, ameshaosha mchele. Mapumziko ya mchana wenzake walikuwa wanalala juu ya maboksi. Yeye anakimbia sokoni kuchagua samaki kabla wazuri hawajaisha. Jioni anasimama hapahapa, kwenye nguzo hii, anakungoja umalize tairi la mwisho, na mikono yake iko ndani ya mfuko inachambua matembele, jani kwa jani. Miaka yote alisimama pale. Nilikuwa nafagia mabua yake kila usiku. Dakika ishirini ni zile ulizozisikia wewe.

Thoại aliigeukia nguzo. Ilikuwa nguzo ya kawaida ya mbao, yenye msumari wa kutundikia kofia. Alijaribu kumwona pale, akamwona: kofia, mabuti meupe, bega limeegemea. Alimwona kama mtu anavyouona mti wa njiani kwake kila siku, bila kuujua jina.

Wakati huo kulikuwa na mtu upande unaovuja. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, amevaa mabuti meupe ya kiwandani, amesimama na pikipiki yenye tairi la nyuma lililolala. Hakutaka kuwakatiza. Thoại alipomwona aliinuka upesi, akaomba radhi, akalaza pikipiki, akaanza kuutoa mpira. Mwanamke akachuchumaa karibu naye, akasema ameanza kazi Jumatatu, ametoka Trà Vinh, hajui bado mafundi. Jina lake Sương. Redio akamkaribisha kwa kumwambia mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwamba mwenyeji anayehitaji kupona ni huyo anayemzibia tairi: anatafuta chakula cha haraka cha kumpikia marehemu mkewe, leo ni mara ya mwisho.

Sương akaitikia kwa kichwa. Alimtazama Thoại akizamisha mpira kwenye beseni, akitafuta viputo. Kisha akauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

— Samahani, kaka. Yeye mwenyewe alikuwa anapenda kula nini?

Viputo vikapanda kutoka tundu dogo, kimoja, kingine, kingine. Thoại alikuwa ameliona tundu lakini mikono yake haikusogea.

Alijua Ngà anapenda karela iliyojazwa nyama na hapendi ngozi ya samaki. Alijua mama yake mzazi, mpaka anakufa, alipenda uji wa dengu uwe moto wa kuunguza. Alijua anachopenda yeye: kambare wa chungu, pilipili manga nyingi, sukari iliyoungua kidogo; Diệu alikuwa akimpikia kila apokeapo mshahara. Na Diệu? Alimtafuta mkekani. Alikuwa amekaa kando ya sufuria ya wali, mahali pa mama wa nyumba, mwiko mkononi, anampakulia huyu, anampakulia yule. Bakuli lake lilikuwa miguuni pake. Ndani yake kulikuwa na nini? Alikumbuka mwiko. Alikumbuka kifundo cha mkono na kovu la kisu cha kiwandani. Alikumbuka maneno, kwa sababu yalikuwa yaleyale siku zote: kuleni, mimi nimeshashiba.

— Kufuli, akasema taratibu. Ulishawahi kula kwangu.

— Mara nyingi.

— Alikula nini?

Kufuli aliangalia glasi yake. Kwa mara ya kwanza Redio haikushika stesheni yoyote. Hata Mama Út, aliyejua saa za Diệu na mabua ya mboga zake, alitikisa kichwa. Miaka kumi na moja, alisema, hakuwahi kuketi. Kila nikimkaribisha kahawa anasema anawahi kupika.

Sương akasema anaomba msamaha, hakujua. Mama Út akamwambia: usijilaumu, mwanangu, umeuliza kitu ambacho sisi tulipaswa kuuliza akiwa hai.

Thoại aliziba tairi, akalipiga pampu, akakataa malipo. Akafunga kazi ikiwa bado saa kumi na moja na robo. Mama Út alimsindikiza na fungu la matembele kutoka kikapu chake na ndimu mbili. Kwenye benchi, vichujio vyote vilikuwa vimekauka na hakuna aliyeagiza tena.

Alipita sokoni. Samaki wazuri walikuwa wameisha, kama alivyosema Mama Út; alipata kipande kimoja cha kambare. Nyumbani alifuata ufunguo wa Kufuli: mchele chini, sahani juu, tangawizi. Matembele ndiyo yaliyomshinda. Ngà alikuja kukaa naye sakafuni wakachambua pamoja, jani kwa jani, na fungu halikuisha, na saa ukutani ikatembea. Walipoyachemsha, maji yakageuka ya kijani; akakamulia ndimu ndani yake, ikawa supu. Kitu cha chumvi, kitu cha kijani, na supu. Hapakuwa na chumvi nyingi, wala mafuta.

Akapanga vyote mbele ya picha. Akashika vijiti vya Diệu na hakujua avielekeze kwenye sahani ipi. Akavilaza katikati, juu ya bakuli.

— Nisamehe, alisema kwa sauti ya chini. Sikukuuliza.

Hakuuvunja udi. Waliungoja mpaka jivu la mwisho likaanguka, kisha wakateremsha chakula mkekani. Kwa siku tisini na nane walikuwa wamekula kila mtu na bakuli lake la tambi. Leo kulikuwa na sufuria, na sufuria inataka mtu kando yake. Thoại akakaa pale.

Kutoka pale dirisha halionekani, wala runinga. Unaona mabakuli tu. Aliona la Ngà likipungua kabla hajanyanyua lake. Akapakua. Akamsogezea majani. Likapungua tena, akapakua tena, na kila alipotaka kuanza kula, macho yake yalirudi kwenye lile bakuli lingine, kuangalia pini ya sketi, kuangalia kama mtoto ameongeza samaki.

— Baba, mbona huli samaki?

— Kula wewe. Mimi nimeshashiba.

Yalitoka yenyewe, bila kufikiriwa. Ngà akasita. Akatazama bakuli la baba yake, ambalo wali wake haukuwa umeguswa. Akatazama madhabahu. Akageuza macho kwa baba yake tena, na uso wake ukawa wa mtu mzima kwa kitambo.

— Kumbe na yeye alikuwa hajashiba, akasema.

Ngà alikata kipande cha samaki kwa vijiti vyake, katikati sawasawa, akaweka nusu moja kwenye bakuli la baba yake. Halafu akashusha vijiti, akakaa akimtazama, mikono magotini.

Saa moja ikagonga. Jioni ile Ngà alichelewa darasani, kwa sababu hakuinuka mpaka baba yake alipomaliza kula.