Lindsay Trewartha na Mabamba Arobaini na Moja

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa kumi jioni, fundi wetu Lindsay Trewartha atavua ovaroli yake katika karakana yetu ya Hawker, mji mdogo kaskazini mwa Adelaide, baada ya miaka thelathini na tisa na miezi minne ya kazi. Ameomba pasiwe na hotuba. Aliomba pia pasiwe na wasifu, lakini hilo nimemkatalia, kwa kuwa jarida hili nalihariri mimi, na simu za wateja wake nimezipokea mapokezi kwa miaka kumi na tisa.

Alianza Februari 1986 akiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Siku hizo tulitengeneza malori ya kondoo na sufu. Dereva wa lori akivunja springi alijua amefanya nini, hivyo alinyamaza, akakaa kivulini na kusubiri. Kisha ukame ukaja, kondoo wakapungua, na badala yao zikaja karavani. Wastaafu kutoka mijini wakaanza kuizunguka nchi wakikokota matrela yenye vitanda, jiko, choo, na siku hizi hata mashine ya kufulia. Mpaka hapa kwetu lami huwabeba vizuri. Kwenda mbele kuna vumbi na mikunjo ya barabara iliyojipanga kama bati la paa, na huko ndiko yale mabamba ya chuma yaliyopangana chini ya trela, ndiyo springi zenyewe, huanza kukatika.

Lindsay amelala chini ya karavani hizo majira ya baridi na ya joto. Mgongo wake unajua. Akiinuka siku hizi hushika kwanza gurudumu, halafu bampa, halafu hutulia kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata.

Wengi mnamkumbuka mama Valmai Schirmer, aliyevunja springi tatu katika msimu mmoja. Mara ya tatu Lindsay aliacha jeki, akaingia ndani na kuinua godoro. Chini ya kitanda palikuwa pamejaa mawe.

“Haya ni nini, mama?”

“Kumbukumbu. Kila tunakolala naokota moja.”

“Mmelala wapi, machimboni?”

Tuliyapima: kilo mia na themanini. Mama Valmai alilia kweli, na Lindsay, ambaye hawezi kuona mtu akilia, alimruhusu achague kumi. Yaliyobaki ndiyo yaliyozunguka bustani yetu ya mbele. Mama huyo bado hutuma kadi kila Krismasi kuuliza hali ya mawe yake.

Kwa sababu ya wateja kama yeye, sote tulizoea kuamini kwamba springi ikikatika, mwenye trela amejaza kupita kiasi. Lindsay naye aliamini hivyo. Ila kuanzia mwaka 2011 alianza kuona jambo lililomkera. Karavani za kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, zilikuwa zikikata bamba mahali pale pale, ubavuni mwa tundu la bolti ya katikati. Akawa anayahifadhi mabamba hayo, kila moja na kibandiko cha tarehe na namba ya trela. Alikiandikia kiwanda barua saba. Alijibiwa mbili, na zote zilisema wenye trela wamezidisha uzito.

Agosti 2014 walikuja Barrie na Jeanette Kloeden, mume na mke kutoka Tanunda. Walikuwa wakipitia Marree kuelekea Birdsville, mbali jangwani, ambako rafiki zao walikuwa wanawasubiri. Lindsay alikagua karavani yao akaona ufa mwembamba kama unywele, mahali pale pale. Stoo tulikuwa na springi moja tu ya kuingia pale, na ilikuwa ya kiwanda kile kile.

“Nipeni siku nne niagize nyingine, imara zaidi,” aliwaambia.

“Siku nne tukae hapa tufanye nini, bwana?” Barrie aliuliza. “Tuhesabu inzi?”

“Hesabuni. Wapo wa kutosha.”

Barrie hakucheka. Alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Ilikuwa springi ya sita juma lile, na Lindsay alikuwa hajala tangu asubuhi. Mwisho alifunga ile iliyokuwepo. Nilimsikia akiwaagiza dirishani: “Mwageni maji yote ya matangi. Msizidi kilomita arobaini kwa saa. Arobaini, Barrie, si arobaini na kidogo.”

Kesho yake alasiri simu ililia. Kilomita chache kabla ya Marree springi mpya ilikatika, ekseli ikarudi nyuma, karavani ikayumba na kulipindua gari. Barrie alitoka na mikwaruzo. Jeanette alivunjika nyonga, na madaktari wanaosafiri kwa ndege walikuwa njiani kumchukua. Nilimpa Lindsay simu. Swali lake la kwanza lilikuwa:

“Maji mlimwaga?”

Niliisikia sauti ya Barrie kutoka mahali niliposimama. “Tulimwaga yote. Nilikuwa naenda thelathini na tano, Lindsay. Mke wangu yuko chini pale, na wewe unaniuliza maji?”

Lindsay aliweka simu mezani bila kuikata. Sijawahi kumwona akikaa kwenye kiti cha wateja isipokuwa siku ile.

Alfajiri alichukua lori akaenda kuileta karavani mwenyewe. Alirudi nayo mpaka kwenye mizani ya mifugo kule Quorn, akaipima pamoja na kila kilichokuwamo, hata vikombe vilivyovunjika. Ilikuwa chini ya kiwango kilichoruhusiwa kwa kilo mia mbili na kumi. Akaomba likizo ya siku tatu, ya kwanza katika miaka mitano, akapakia mabamba yote, arobaini na moja, akaendesha hadi kiwandani Adelaide.

Kilichotokea huko alinisimulia mara moja tu. Mtu wa mapokezi alimwambia aache ujumbe. Lindsay alijibu kwamba ameshaacha saba. Akaanza kuyabeba mabamba matatu matatu, akiyapanga sakafuni kwa tarehe, kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi. Walimwita mlinzi. Mlinzi alikuwa na karavani yake nyumbani, naye akainama kusoma vibandiko. Hatimaye akashuka mhandisi, Bi Huynh, mwanamke kijana aliyekuwa kazini mwaka mmoja tu. Aliokota bamba la kwanza, la kumi, la mwisho.

“Yote yamekatikia hapa?”

“Yote.”

“Na hili la mwisho? Mzigo ulikuwaje?”

Lindsay akampa karatasi ya mizani. Bi Huynh aliisoma mara mbili, kisha akasema, “Mzee, naomba uniachie haya. Nitakusainia kila moja.”

Miezi saba baadaye kiwanda kiliwaandikia wenye karavani elfu mbili na mia tatu wakabadilishiwe springi. Tangazo lilisema kasoro iligunduliwa na wataalamu wa kiwanda. Nilikasirika. Lindsay alilisoma, akalikunja, akaniuliza kama pai za nyama zimekwisha.

Jambo lililomchosha halikuwa hilo. Alikuwa ameshauona ule ufa katika mabamba arobaini, bado akawafungia bamba la arobaini na moja. Kila Agosti alikwenda Tanunda kumwona Jeanette, ambaye hutembea kwa fimbo. Mwaka wa nne Jeanette alimkatiza mlangoni: “Lindsay, mimi nimechoka kukusamehe. Kaa chini tunywe chai.” Alikaa. Anaendelea kwenda, lakini siku hizi hurudi na mitungi ya achari.

Tangu ajali ile hakumfungia mtu springi asiyoiamini, hata atukanwe vipi, na alitukanwa vizuri. Mafundi wenzake wa Quorn na Leigh Creek walifuata. Kuna watu wengi waliofika Birdsville salama wakimlaani kwa siku nne za inzi, na hatutawajua kamwe.

Nafasi yake tumeitangaza mara tatu, na hakuna aliyeomba. Vijana wanataka kazi za kompyuta, na sina hoja ya kuwapinga. Tulipomuuliza kama sasa atanunua karavani yake azunguke nchi, alisema atakaa katika nyumba isiyo na magurudumu.

Lindsay, ahsante kwa mgongo wako, ambao hatuwezi kukurudishia. Tunakuombea asubuhi nyingi za kuamka bila haraka, chai inayonywewa ikiwa bado ya moto, na afya ya kuvifurahia. Jumatatu simu italia hapa, na mtu ataniuliza kama anaweza kufika Marree na springi yenye ufa. Nitamwambia hapana. Akinibembeleza, nitamwambia hapana tena.

Roslyn Dunstall, Mapokezi, Hawker