Sufuria ya Marehemu Inaenda Mutomboko

Ndani ya minibasi ya kwenda Mwansabombwe, sufuria ya Mama Emilienne, muuza samaki wa Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, ilikalia kiti kizuri kuliko changu.

"Ni ya marehemu mama yetu," alimwambia mzee wa Nchelenge aliyebanwa nayo. "Kila sikukuu ya Mutomboko, famii ya ngambo zote mbili inakulia humu."

"Marehemu hata mwaka hajamaliza, na weye unaenda ku ngoma? Haifai!"

"Papa, batoto betu bakikosa kula pamoja, batajuana wapi? Ku matanga tu?"

Mzee alinuna njia nzima. Sufuria ilimgonga goti kwa kila shimo.

Gari liliposimama, ngoma zilikuwa zimeanza. Mzee alishuka kwanza, akaipokea sufuria.

"Haifai hata kidogo," alisema. "Munapika saa ngapi?"