Wakili Leo-Leo na Kesi Yake ya Alhamisi

Kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mahakamani mlimwita Wakili Leo-Leo, alizaliwa tarehe 17 Mei 1964, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mama mshonaji. Tulikulia katika vyumba viwili nyuma ya posta, watatu kitanda kimoja. Ukigombana naye juu ya shuka, alikwenda kumwamsha baba aamue hapo hapo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, kisha akaenda sekondari ya bweni. Huko, siku mwalimu wa hisabati alipoahirisha mtihani, darasa zima lilishangilia, yeye akanyoosha mkono kuuliza kwa nini. Wenzake walimnunia wiki nzima. Alihitimu shahada ya sheria mwaka 1989, akaapishwa kuwa wakili mwaka 1991.

Kazi yake ilikuwa kesi za madai: mipaka ya viwanja, mikataba iliyovunjwa, ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vioo, na wateja walimkuta amevua viatu, anasoma majalada. Sheria haikumchosha. Kilichomchosha ni kuahirishwa. Leo hakimu yuko semina, kesho jalada halionekani, keshokutwa wakili wa upande wa pili ana mafua. Kila mara alisimama: "Mheshimiwa, mashahidi wangu wapo. Tuanze leo leo." Jina lake lilitoka hapo. Mwaka 2012 alifungua kesi kwa niaba ya fundi seremala, ambaye kampuni ya ujenzi inataka kumtoa kwenye nyumba yake. Mpaka leo haijaanza kusikilizwa. Jirani aliyeshuhudia seremala akinunua kiwanja alizeeka akisubiri kuitwa, akafa.

Tarehe 3 Desemba 1994 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, baada ya kuisogeza mara mbili kwa ajili ya kesi. Wifi alimwambia mbele yetu, "Mahakamani leo leo, kwangu kesho kesho! Ukisogeza tena, naolewa na mpiga picha." Hakusogeza tena.

Februari mwaka huu daktari alimkuta na uvimbe tumboni, akataka afanyiwe upasuaji haraka. Kaka aliomba amalize kwanza kesi ya seremala, iliyopangwa Machi. Ikaahirishwa hadi Juni, naye akasogeza upasuaji. Juni ikaahirishwa hadi Septemba, akasogeza tena.

"Nikilazwa, mimi ndiye nitakayeomba iahirishwe," aliniambia. "Sitawapa nafasi hiyo."

"Kaka, ugonjwa haupangiwi tarehe."

Alicheka. Mimi sikucheka. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumboni ndiko kulikomuuma. Septemba kesi ikasogezwa tena, hadi Alhamisi ya wiki hii. Alipokubali kulazwa, uvimbe ulikuwa umeshaenea. Alifariki tarehe 6 Oktoba 2023, akiwa na miaka 59. Tumewakasirikia waliompotezea muda, na yeye pia tumemkasirikia, tena sana, kwa sababu tulimpenda.

Jana wakili wa kampuni alikuja msibani. Alimpa wifi pole kwa upole kabisa, kisha akasema, "Kuhusu Alhamisi, shemeji, usijali. Kesi itaahirishwa kwa heshima ya marehemu."

Wifi alimtazama akasema, "Baba, hiyo si heshima. Hiyo ndiyo iliyomuua."

Wakili kijana wa ofisini kwake, aliyekuwa akigawa chai, aliweka birika chini na kusema atasimama yeye. Analijua jalada. Seremala yuko hapa, na mashahidi wake waliobaki wako hapa. Waheshimiwa mlioacha kazi kuja kumzika kaka yetu, tunawashukuru. Maua yametosha. Alhamisi muingie mahakamani saa tatu, muanze.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, wadogo zake wawili, na kesi moja ambayo haijasikilizwa. Mungu amjalie pumziko la amani, na amjalie leo leo.