Mabenchi Ishirini na Manne ya Fundi Placidius

Baba Paroko na ndugu waombolezaji, mimi ni Deodatha, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na nitayasoma yote, ingawa jana mchana mwenyekiti wa kamati ya kigango alinifuata nyumbani akaniomba niruke sehemu moja.

Kaka yetu Placidius alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 hapa Nyakakika, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha akaenda Mabira kujifunza useremala kwa Mzee Dastan, ambaye kwa miaka minne hakumruhusu kugusa msumari, akamfundisha kuchonga ulimi wa ubao mmoja uingie kwenye tundu la mwingine na kukaza wenyewe.

Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na wifi yangu Agnetha, wakajaliwa watoto watatu, Benjamin, Jenifa na Yustus, wote wamekulia kwenye vitanda alivyotengeneza yeye, na sijawahi kusikia kimoja kikilia.

Mwaka 1992 alikitengenezea kigango hiki mabenchi ishirini na manne ya mvule, kazi ya miezi saba, na chini ya kila benchi, pasipoonwa na mtu, alipiga randa sawasawa na juu, maana alisema mtoto anayecheza chini ya benchi wakati wa misa naye ana mikono.

Sasa ndiyo sehemu niliyoombwa niruke. Juni 2023 kamati ilileta viti vya plastiki, hivi mlivyokalia, wakapindua benchi moja, wakatafuta msumari wakakosa, wakatangaza kwamba mabenchi yamechoka na yataangusha watu, yale yale tuliyoyakalia miaka thelathini na moja, na hakuna hata mmoja aliyevuka barabara kumwuliza fundi. Wanaume wanne walishinda siku nzima na mashoka ndipo yakapasuka, ajabu kweli kwa kitu kilichochoka. Tarehe 16 Julai, siku ya jubilei ya kigango, kaka alipewa sahani ya ndizi na nyama, akatupa jicho mekoni, akaona mguu wa benchi lake unaungua chini ya sufuria, akaweka sahani chini akaenda zake nyumbani. Leo kamati mnataka niruke hayo, nisome kwamba aliacha kazi kwa sababu ya uzee. Jamani, uzee gani? Mlimvunja moyo, na randa hakuishika tena.

Novemba 2024 alianza kuugua figo, akalazwa mara mbili, akafariki tarehe 3 Februari 2025 saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumbeba hadi barabara kuu, mafundi wenzake wa Mabira, na zaidi ya wote Nyirabageni, aliyekuwa mpishi wa jubilei ile, ambaye alilikalia benchi la mwisho akagoma kuinuka mpaka wenye mashoka walipokata tamaa, wakamwita mkorofi. Kamati siishukuru.

Benchi hilo ndilo lililobeba jeneza hapa mbele yenu, na tukitoka makaburini linarudi kwa Nyirabageni, asiliguse mtu.

Kaka, pumzika kwa amani, umelala juu yake tangu saa tatu asubuhi, na halijalia.