Zephania Mwakio, Aliyeanika Majongoo Bahari Kilindini

Tunayemlaza leo hapa makaburi ya Jebel Ali, karibu na bandari ya Dubai, Mzee Zephania Mwakio, alizaliwa tarehe 3 Mei 1932 huko Mbale, Taita, kitinda mimba wa mfua vyuma. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akatoka mwaka 1948 na mwandiko uliosifiwa hata na Wazungu.

Mwaka 1951 aliajiriwa karani wa mizani ya forodha Kilindini, Mombasa. Machi 1956 meli ilikuja kuchukua magunia mia tatu ya majongoo bahari, chakula cha heshima huko Uchina. Mkuu wa mizani, Mwingereza, alitaka ushuru kwa uzito wa siku ile, na mzigo ulikuwa bado na unyevu. Wakala Mchina akakataa, akaapa meli zake zitahamia bandari nyingine. Wakabishana siku mbili, huku akina mama wa Vanga waliouokota mzigo ule wameketi nje ya ghala, wameshika tama.

Siku ya tatu Zephania aliomba gunia moja, akalianika tangu asubuhi. Alasiri akalirudisha mizanini: ratli thelathini hazipo.

"Nani kaziiba?" mkuu akafoka.

"Jua, bwana. Yalikuwa maji ya bahari, na bahari haitozwi ushuru."

Wakala alicheka hadi kofia ikamdondoka. Wakapatana: mzigo upimwe mkavu, na meli zake zipewe gati Kilindini kila Machi. Vigelegele vikapasua ghala. Mkuu akaandika kwamba yeye ndiye aliyebuni. Jina la Zephania halikuandikwa popote.

Tarehe 6 Desemba 1958 alimwoa Proscovia Wakesho, wakajaliwa Gerishom, Hesbon na Edna. Wavulana walisomeshwa, Edna alibaki kuchota maji. Bi Proscovia alitangulia mwaka 1999. Mzee alipodhoofika, wenye vyeti walituma salamu, Edna akamtunza. Mwaka 2011 Ivy, binti wa Edna, mfanyakazi wa ofisini mtaa wa Jumeirah Lake Towers, aliwaleta mama na babu yake Dubai.

Siku moja katika mtaa wa Deira, kwenye duka la Mchina, mzee aliona majongoo bahari makavu kama kuni yakipimwa. Akagonga fimbo sakafuni. "Makavu! Edna, hadi leo wanayapima makavu!"

Mwenye duka akaja mbio. "Baba, kuna shida?"

"Khalas, yamekwisha, hakuna shida. Nimeshinda!"

Maradhi ya figo yalimwangusha Agosti 2013. Kitandani alimshika Edna mkono. "Jina langu lilifichwa, nami nikalificha lako nilipokunyima shule, mwanangu. Nisamehe. Nizikeni karibu na bandari, na wasinifukie kabla hujalisema jina lako."

"Nitalisema, baba. Kusamehe, nipe muda."

Alifariki tarehe 14 Novemba 2013, saa kumi alasiri.

Ameacha binti yake Edna, anayetajwa kwanza kwa agizo la marehemu mwenyewe. Wanawe Gerishom na Hesbon. Ivy, na wajukuu wengine saba.

Edna amelisema jina lake mbele ya mashahidi, naye ametoa msamaha hapa hapa kaburini. Sasa Mzee wa Mizani apumzike, amani iwe yake.